Kifungu cha 26: yanayosemwa kuhusu uavyaji mimba Kenya, na yaliyoandikwa

Kila uchaguzi ukikaribia, suala la uavyaji mimba hurudi mimbarini na redioni, na watu hugombana juu ya maneno ambayo ungeyasoma yote ukingoja matatu ijae. Basi tuyasome. Kifungu cha 26 cha Katiba ya Kenya kinasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kisha, katika sehemu yake ya nne, kinasema uavyaji mimba hauruhusiwi isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au iwapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

"Katiba ya 2010 ilihalalisha uavyaji mimba"

Sentensi yenyewe inaanza kwa kukataza. Anayesema imeruhusiwa kwa yeyote atakaye amesoma nusu ya pili tu. Naye anayesema imepigwa marufuku kabisa ameishia kwenye nusu ya kwanza, na hawa wawili ndio hualikwa studioni pamoja. Jambo kubwa lililobadilika mwaka 2010 ni neno moja: afya. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 240, humkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa uhai wa mama. Katiba iliongeza afya yake.

"Kifungu hiki kilipenyezwa na wanaharakati"

Hapa historia inachekesha kidogo. Rasimu ya Katiba ya Novemba 2009 ya Kamati ya Wataalamu, iliyoongozwa na wakili Nzamba Kitonga, ilijitosheleza kwa kusema kila mtu ana haki ya kuishi. Viongozi wa makanisa ndio waliotaka iongezwe kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Januari 2010 wabunge wa kamati teule walijifungia Naivasha, wakayaingiza maneno hayo pamoja na katazo la uavyaji. Rasimu iliporudi kwa wataalamu, wao wakapanua yale "isipokuwa". Kwa maneno mengine, kama pasingekuwa na shinikizo la kutaka katazo, huenda pasingekuwa na kifungu chochote cha kugombania. Makanisa yakaishia kulipinga andiko ambalo nusu yake waliliomba wenyewe.

"Waliopiga kura ya Ndio waliunga mkono uavyaji mimba"

Tarehe 4 Agosti 2010, katika kura ya maamuzi juu ya Katiba mpya, zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura walichagua rangi ya kijani, yaani Ndio. Kura ilikuwa moja, kwa kitabu kizima: kaunti, ardhi, madaraka ya rais, mahakama za Kadhi, haki za raia. Baraza kuu la Waislamu, SUPKEM, liliunga mkono Ndio, na hakuna aliyedhani limebadili msimamo wake juu ya mimba. Upande wa pili nako hali ilikuwa hivyo hivyo. Kadinali John Njue na Baraza la Kitaifa la Makanisa walizungumzia zaidi mimba na Kadhi, lakini Bonde la Ufa, ambako La ilishinda, watu wengi walikuwa na hofu ya ardhi. Aliyeongoza kambi ya La, William Ruto, aliapishwa kuwa rais mwaka 2022 kwa Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 26 kikiwa vile vile.

Maoni ya umma nayo hayasomeki kwa swali moja. Ukimuuliza Mkenya kama anaunga mkono uavyaji mimba, mara nyingi atakujibu la, tena kwa haraka. Muulize kuhusu mama wa watoto watatu ambaye mimba inamuua, na jibu litachukua muda. Anayetaka tarakimu ya kupeperusha jukwaani huchagua swali linalompa tarakimu hiyo.

"Haya ni mambo ya wazungu na pesa zao"

Pesa za Wamarekani zilikuwapo, pande zote mbili. Mbunge wa Marekani Chris Smith alilalamika kwamba serikali ya Obama ilikuwa ikifadhili kambi ya Ndio. Wakati huo huo shirika la kihafidhina kutoka huko huko, American Center for Law and Justice, lilikuwa na tawi Nairobi lililosaidia kambi ya La.

Ila lisilosemwa sana ni kwamba katazo lenyewe lilikuja na meli. Vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu vililetwa na Mwingereza wakati wa ukoloni, na chimbuko lake ni sheria ya Uingereza ya 1861. Anayeavya mimba ya mwingine hufungwa hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, anayetoa dawa au vifaa miaka 3. Tanzania Bara ina adhabu zizo hizo, katika vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni yake. Uingereza ililegeza sheria mwaka 1967. Sisi tukabaki nayo, na leo tunaiita mila zetu.

"Lazima madaktari wawili, mmoja wa akili"

Huo ulikuwa utaratibu wa zamani. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, inamtaja daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki mwenye mafunzo yanayohitajika na leseni halali. Huduma yenyewe lazima ifanyike katika kituo kinachotambuliwa kisheria. Chumba cha nyuma ya duka la dawa si kituo.

"Aliyebakwa hana njia"

Wengine husema kinyume, kwamba akibakwa basi ruhusa ipo yenyewe. Jibu lilitolewa na majaji watano wa Mahakama Kuu mnamo Juni 2019. Kesi ilimhusu msichana aliyenajisiwa mwaka 2014: alitolewa mimba kienyeji, figo zikaharibika, akafariki mwaka 2018 kesi ikiwa bado mahakamani. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilikuwa imetoa mwongozo kwa wahudumu kuhusu uavyaji mimba, kisha Desemba 2013 ikauondoa. Majaji walisema kuuondoa kulivunja sheria, wakaagiza mama wa msichana alipwe fidia ya shilingi milioni 3. Kuhusu ubakaji, walisema mimba hiyo inaweza kutolewa iwapo mtaalamu wa afya ataona uhai au afya ya mama imo hatarini, na afya ni pamoja na ya akili. Uamuzi unabaki mikononi mwa mtaalamu. Majaji hao hao walisisitiza kwamba nje ya "isipokuwa", katazo lipo.

Hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya Machi 2022 ilikwenda mbali zaidi, ikaiita huduma hii haki ya msingi. Hiyo ilipelekwa Mahakama ya Rufani, kwa hiyo asiitegemee mtu peke yake.

"Ukienda hospitali ukivuja damu utashikwa"

Kati ya dhana zote hizi, hii ndiyo inayoua. Kumtibu mwanamke ambaye mimba imetoka, iwe imeharibika au imetolewa, ni halali, na kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Utafiti wa Wizara ya Afya na APHRC, taasisi ya utafiti wa idadi ya watu na afya, ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba takriban 465,000 zilitolewa nchini, na karibu wanawake 120,000 wakatibiwa madhara yake. Hesabu hiyo inajibu pia wanaoamini kwamba sheria ikikaza vya kutosha, visa vitakwisha.

"Bunge linaweza kumaliza mambo haya wiki ijayo"

Kifungu cha 26 kimo katika Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayoorodhesha haki za watu, na kukigusa kunahitaji kura ya maamuzi. Bunge linachoweza ni kutunga ile "sheria nyingine iliyoandikwa". Mswada wa Afya ya Uzazi wa 2019, wa Seneta Susan Kihika, ulipigwa vita na makanisa na haukuwa sheria.

Linaweza pia kurekebisha vifungu vya 158 hadi 160, ili polisi anayeandika shtaka akutane humo na maneno ya kifungu cha 26. Kwa sasa anakutana na 14, 7 na 3.