Dawa ya Wadudu Mwilini: Maabara Huiona Vipi?

Msimu wa tungule na mabilingani ukishika, mabomba ya mgongoni hayapumziki, Unguja wala Pemba. Mtu akitoka shamba kichwa kinamgonga, macho yanamtiririka, mate yamemjaa, jamaa husema apimwe damu ijulikane ni sumu gani. Kwanza apelekwe hospitali. Tiba haisubiri majibu yetu. Sisi wa maabara tutauliza: amepiga dawa gani, na lini?

Oganofosfeti, kama klopirifosi, na piretroidi, ambazo ni aina mbili za dawa za wadudu, hazikawii mwilini. Ini huzivunja, na katika siku chache mabaki yake mengi huwa yameshatoka. Kwa hiyo kwenye mkojo tunachotafuta hasa ni vipande vyake. DDT, iliyopulizwa majumbani humu visiwani kupambana na malaria miaka ya 1950 na 1960, ina tabia nyingine: hujificha kwenye mafuta. Kinachobaki ikivunjika, DDE, huweza kuonekana kwenye damu au maziwa ya mama miaka mingi baadaye.

Mkojo ukifika, tunautia kiasi tunachokijua cha kemikali ileile tunayoitafuta, iliyotengenezwa kwa atomi nzito zaidi. Kikipotea kiasi njiani, tunajua na kile cha mgonjwa kimepotea vilevile. Kisha kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kemikali, hufungua vipande ambavyo mwili umevifunga ili uvitoe, na kichujio huvinasa huku chumvi zikipita. Hapo ndipo mashine inapoingia: kromatografia huvitenganisha, spektrometa ya masi huvipima uzito, huvivunja, na kupima tena vilivyovunjika. Hufika hadi mikrogramu 1 kwa lita na chini ya hapo, yaani karibu na chembe moja ya chumvi ndani ya pipa la lita 60.

Kwa udogo huo, mkono wenye dawa ukigusa mdomo wa chupa, jibu limeharibika. Nawa kwa sabuni kwanza. Na chupa ya soda, hata uisuuze mara ngapi, usituletee.

Tunapima pia kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, tuitumie kulinganishia, kwa sababu mkojo wa aliyefunga Ramadhani na wa aliyekunywa madafu haulingani uzito.

Kuonekana kipande si kusema mtu amelishwa sumu. Baadhi ya vipande vya oganofosfeti huwa vimeshavunjikia kwenye mboga, vikaliwa na kutoka vivyo hivyo. Tukitaka kujua kama dawa imemdhuru, kwa oganofosfeti tunapima kolinesterasi kwenye damu, kimeng'enya cha mishipa ya fahamu ambacho dawa hizo hukizuia. Tatizo, kiwango chake hutofautiana sana baina ya mtu na mtu hata wakiwa wazima. Kilichoshuka kwa Juma kinaweza kuwa ndio kawaida ya Asha. Ndiyo maana wapiga dawa tunawataka waje watoe damu kabla ya msimu, hawajashika bomba, tupate cha kulinganishia.