Uzito wa mvuto: upinde wa ratili ngapi unamfaa anayeanza?

Ukifika kwa mara ya kwanza kwenye uwanja ambapo watu hukutana wikiendi kufuma mishale kwa kujifurahisha, kabla hujashika chochote utaulizwa: "Unavuta ratili ngapi?" Wengi hujibu kwa kukisia, tena hukisia juu. Siku yao inaharibikia hapo.

Uzito wa mvuto ni nguvu inayohitajika kuuvuta ugwe wa upinde mpaka umbali fulani. Hauhusiani na uzito wa upinde wenyewe ukiuweka kwenye mizani. Hupimwa kwa ratili, na ratili moja ni gramu 454, pungufu kidogo ya nusu kilo. Chukua upinde wa mazoezi, uugeuze uangalie upande wa ndani wa bawa la chini, yaani kile kipande kinachopinda chini ya mshiko. Utakuta maandishi madogo kama haya: 68" 24#. Namba ya kwanza ni urefu wa upinde kwa inchi. Ya pili ndiyo tunayoitafuta: ratili 24, upinde ukivutwa inchi 28.

Hizo inchi 28 huwachanganya watu. Kiwandani hupima kwa kipimo kimoja, lakini mikono yetu hailingani. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, mwenzako apime kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kile kingine, kisha gawanya kwa 2.5; jibu ndio umbali unaovuta wewe. Mwenye sentimita 165 atapata 66, ambazo ni inchi 26. Kila inchi inayopungua huondoa takribani ratili 2, kwa hiyo upinde ulioandikwa 24, vidoleni mwake utakuwa kama 20. Rafiki yake mrefu anayevuta inchi 30 atabeba 28 kwa upinde uleule. Kwa hiyo usinunue upinde kwa kusikia tu mwenzako anatumia wa ngapi.

Sasa piga hesabu. Raundi ya kawaida ya ndani ya ukumbi, mita 18, ina mishale 60. Kwa upinde wa ratili 20, hadi unamaliza umevuta jumla ya ratili 1,200, yaani kilo 544. Kwa upinde wa 36 ni kilo 980, karibu tani nzima, na hapo sijahesabu mishale ya kupasha misuli. Mzigo huo unatakiwa ubebwe na misuli iliyo katikati ya mabega, ambayo hata mtu mwenye nguvu za kubeba gunia anaweza kuwa hajawahi kuitumia namna hiyo.

Nimesimama mara nyingi nyuma ya mstari nikiwatazama wageni wenye upinde mzito, na dalili ni zilezile. Mshale wa kumi unatoka vizuri. Kufikia wa thelathini, bega la mkono ulioshika upinde limepanda karibu na sikio. Upinde unaelekezwa kwanza angani ndipo ushushwe, kwa sababu nguvu za kuuvuta ukiwa sawa na bega zimekwisha, na hilo ni hatari: mshale ukichomoka wakati huo unaruka nje ya uwanja. Kidevu kinasogea mbele kuufuata ugwe, badala ya ugwe kuja kidevuni. Mishale inaanza kutua chini ya duara la njano, kisha nje ya karatasi kabisa. Mwenyewe analaumu macho yake. Macho ni mazima, mabega ndiyo yamechoka.

Kwa mtu mzima anayeanza, napendekeza ratili 18 hadi 24 vidoleni; kwa mtoto, 10 hadi 16. Mita 18 upinde wa 20 unafika bila shida. Shehzana Anwar, Mkenya aliyebeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, alifuma kutoka mita 70, na umbali huo kweli unadai upinde wenye nguvu zaidi. Wewe, kwa mita 18, bado huuhitaji.

Najua kuna anayewaza Wawaata, wawindaji wa Tsavo nchini Kenya, waliovuta pinde za zaidi ya ratili 100 kuwinda tembo. Ni kweli, na ni jambo la kustaajabisha. Lakini hakuna aliyezaliwa na mgongo ule. Huko Ziwa Eyasi, Tanzania, mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo angali na miaka michache tu, na upinde hukua pamoja naye.

Upinde wa magurudumu, kampaundi, una hesabu yake. Magurudumu yake hupunguza mzigo ukishavuta hadi mwisho, mara nyingi kwa asilimia 65 hadi 80. Wa ratili 40 unaopunguza asilimia 80 utakuachia ratili 8 tu wakati wa kulenga. Lakini kile kilele cha 40 lazima ukipite kila mara.

Kabla ya kununua, omba kuazima, maana klabu nyingi zina pinde za wageni. Vuta taratibu, mshale ukiwa umeelekea kwenye shabaha, shikilia sekunde kumi, kisha rudisha taratibu. Usiachie kamwe ugwe mtupu bila mshale, kwani nguvu yote hurudi kwenye mabawa na yanaweza kupasuka. Ukitetemeka kabla ya sekunde kumi, omba mwepesi zaidi.

Ukinunua, chagua upinde unaofunguka vipande vitatu, ili baadaye ubadilishe mabawa tu. Siku mshale wa 60 utakapotoka kama wa kwanza, ongeza ratili 2 au 4, usiruke 10. Na ukibadilisha mabawa, muulize mkufunzi kuhusu mishale pia: ile iliyofaa ratili 20 inaweza kuwa laini mno kwa 28, ikatoka ikipinda na kutua pembeni hata kama umelenga sawasawa.