Si Kila Udongo Mweusi wa Bondeni Ni Mboji

Mkulima wa Unguja au Pemba hana haja ya kufundishwa kwamba ardhi ina majina. Hapa kichanga, pale kinongo, bondeni kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi. Ukielekea mashariki ya Unguja utaambiwa uwanda, kisha maweni, jembe linapogonga jiwe la matumbawe. Kila jina limebeba habari: mvua ikinyesha maji yatatuama au yatazama, muhogo utanenepa au utaoza. Sisi wataalamu wa udongo tunaanzia hapo hapo, na mara nyingi jina alilotupa mkulima limetuokolea siku nzima ya kutoboa ardhi.

Upo udongo mmoja, hata hivyo, unaotuchanganya sote. Ni ule mweusi wa mahali penye maji, ambao wengi huuita tope, basi. Baadhi yake ni kinamo cheusi. Baadhi ni mchanga uliotiwa weusi na majani yaliyooza. Na pengine, katika vipande vidogo, ni udongo wa mboji hasa: haukutokana na jiwe lililosagika, umetokana na mimea iliyokufa ikashindwa kumalizika kuoza. Katika nchi za joto kama yetu jani likianguka halichukui muda likapotea. Lakini likianguka ndani ya maji yasiyokauka, hewa haifiki, na vijidudu vinavyoozesha hufanya kazi polepole mno. Jani la mwaka huu hulala juu ya jani la mwaka jana, na hivyo hivyo kwa karne nyingi.

Siku moja, katika bonde la mpunga huko Pemba, nilimwambia bibi mmoja aliyekuwa akipalilia kwamba naona bonde lake ni kinamo. Aliinama, akachota tope, akaniwekea kiganjani. "Kinamo hung'ang'ania jembe, mwanangu. Huu waponyoka."

Maneno yale ni kipimo kamili. Kinamo ukikifinyanga hukubali umbo, hung'aa kidoleni, na kikikauka hupasuka na kuwa kigumu kama tofali. Udongo wa mboji ukiuminya hutoa maji, na sisi tunayatazama maji hayo. Yakitoka meupe, mimea bado ni mibichi. Yakitoka ya kahawia kama chai ya rangi, kuoza kumeanza. Na ikiwa tope lenyewe ndilo linalopenya kati ya vidole, kiganja kikabaki kitupu, basi kuoza kumefika mwisho. Msweden Lennart von Post alikipanga kipimo hiki cha kuminya katika daraja 10 mnamo mwaka 1922, na mpaka leo hakijapata mshindani kwa urahisi wake. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo unatumia ngazi tatu tu: mabaki ya mimea yanayotambulika baada ya kusuguliwa yakiwa theluthi mbili au zaidi ya ujazo, udongo huo ni wa nyuzinyuzi, yakiwa chini ya sehemu moja ya sita, umeoza kabisa, kati ya hapo ni wa wastani.

Lakini mkono hautoshi kutoa jina. Mfumo huo unataka kaboni itokanayo na viumbe ifike angalau asilimia 20 ya uzito wa udongo mkavu, ambayo ni karibu asilimia 35 ukiihesabu mboji yenyewe. Unataka pia kina: kwa kawaida jumla ya sentimita 40 au zaidi ndani ya mita moja ya juu. Kuna sharti jingine ambalo nadhani sisi watu wa visiwa vya matumbawe tunapaswa kulijua vizuri kuliko wengi: mboji ikikaa moja kwa moja juu ya mwamba, sentimita 10 zinatosha. Maana yake ni kwamba tusitafute bondeni peke yake. Hata huko maweni, penye msitu wa zamani ambapo majani yamejaa katika mianya ya jiwe, panastahili kupimwa, ingawa ukipita juu utasema hapana udongo kabisa.

Maabara nako kuna mtego wetu wa nyumbani. Matumbawe na magamba ya kome na chaza yamejengwa kwa chokaa, na chokaa ina kaboni. Mashine inayounguza sampuli na kupima kaboni yote haijui kutofautisha kaboni ya jani na kaboni ya gamba. Mtu akipeleka udongo wa pwani bila kuusafisha anaweza kurudi na tarakimu kubwa, akashangilia mboji kumbe ameshika kome waliosagika. Ndiyo maana kwanza tunadondosha asidi hafifu juu ya udongo. Ukitoa povu, chokaa ipo, na lazima iondolewe kabla ya kupima. Njia nyingine ni kukausha sampuli, kuipima uzito, kuiunguza kwa nyuzi joto 550 kisha kuipima tena. Kwa joto hilo mboji huungua na chokaa kwa kiasi kikubwa hubaki. Njia hii nayo ina kasoro, kwani kinamo kikiunguzwa hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake, na asiyeangalia atayahesabu maji hayo kuwa mboji.

Sasa ramani. Ramani ya udongo ya dunia iliyotolewa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, FAO pamoja na UNESCO, ilichorwa kwa kipimo cha 1:5,000,000. Sentimita moja ya mraba katika karatasi hiyo ni kilomita za mraba 2,500. Pemba nzima, pamoja na vilima na mabonde yake yote, haifikii nusu ya sentimita hiyo. Bonde la ekari tano litaonekana wapi? Hata kwa kipimo cha 1:50,000, ambacho wengi wangekiona kizuri, sentimita ya mraba ni hekta 25. Kwa visiwa vyetu nasimamia ramani kubwa zaidi ya hiyo, bonde kwa bonde, hata kama itachukua miaka.

Kwamba udongo huu hufichika si jambo la visiwa vidogo tu. Kinamasi kikubwa cha katikati ya bonde la Kongo kilichorwa vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 2017: kilomita za mraba zipatazo 145,500, zenye kaboni ya takriban tani bilioni 30. Setilaiti ilionyesha wapi pana maji na aina gani ya miti, lakini watu walilazimika kuingia kwa miguu na kutoboa. Setilaiti huona kilele cha mti. Haioni kina.

Kwetu ningeanza na misitu yenye maji ya chini karibu na uso wa ardhi: Jozani kwa upande wa Unguja, na Ngezi huko kaskazini magharibi ya Pemba, hasa sehemu za majimaji inakoota miale, miti ya jamii ya mitende. Unakata mstari kutoka ukingo hadi ukingo, unatoboa kila baada ya hatua kadhaa, na unaandika ni kina gani mboji inakoma na mchanga au jiwe kuanza. Sampuli lazima ichukuliwe kwa kopo la ujazo unaojulikana, kwa sababu udongo huu ni mwepesi ajabu. Chukua mfano wa hesabu: hekta moja yenye mboji ya kina cha mita 1, uzito wa kilo 150 kwa mita ya ujazo, na kaboni asilimia 40. Hiyo ni tani 600 za kaboni chini ya miguu ya mtu anayepita.

Mtu huyo akichimba mtaro kuyatoa maji, hewa huingia na kuoza kulikosimama kwa karne kunaanza upya. Ardhi hushuka, kaboni hupaa, na mboji iliyokauka sana hukataa kunywa maji tena. Katika mikoko kuna hatari nyingine: tope lake huwa na madini ya salfa ambayo yakipata hewa hugeuka asidi kali, na palipokosekana chokaa ya kuizima, shamba huharibika.

Kwa hiyo ukichimba kisima au shimo bondeni ukakuta tabaka jeusi jepesi lenye vipande vya majani na mizizi, pima kina chake kwa kijiti, weka konzi mbili katika mfuko wa plastiki, funga vizuri, andika mahali na kina, kisha wafikishie wataalamu wa kilimo walio karibu nawe. Usiuanike juani kwanza. Tunauhitaji ukiwa na maji yake.