Sahihi Chini ya Sanamu Haitoshi: Dhana Potofu za Wakusanyaji wa Sanamu za Udongo

Mteja akileta sanamu ya udongo itambuliwe, mara nyingi huwa ameshajijibu kabla hajaketi: "Ni yake, ina sahihi, hebu tazama hapa chini." Dhana hii ndiyo inayowapotezea wakusanyaji pesa kuliko nyingine zote, kwa hiyo itachukua nafasi kubwa. Nyingine zitapata mistari michache, na hazistahili zaidi.

Dhana: Yenye sahihi ni ya mfinyanzi mwenyewe, isiyo na sahihi ni feki

Si kweli kwa upande wowote. Sahihi ni mkwaruzo tu mpaka ujue ulichorwa wakati gani, na udongo wenyewe unatunza kumbukumbu hiyo. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, elekeza tochi ubavuni mwa sanamu, kisha tazama kingo za herufi.

Herufi zilizochorwa udongo ukiwa mbichi huwa na vituta laini pande zote mbili, kwa sababu kijiti kimeusukuma udongo pembeni. Zilizochorwa udongo ukiwa umekauka nusu, ule unaokatika kwa kisu bila kubonyea, zina mfereji safi na kingo kali. Udongo ukiwa mkavu kabisa, kingo humeguka na kubaki na mapengo madogomadogo. Sahihi iliyokwaruzwa baada ya kuchomwa hujulikana haraka: mstari umepauka kuliko udongo ulio jirani, kina chake hakilingani, na herufi za mviringo zimevunjikavunjika kwa kuwa ncha ya msumari huteleza juu ya udongo mgumu. Kama chini pamepakwa glezi, ule mpako wa kioo unaoyeyuka tanurini, kazi ni rahisi zaidi. Glezi iliyoyeyuka juu ya sahihi hutuama ndani ya mfereji na kuonekana nzito. Ikiwa imebanduka kingoni mwa herufi, sahihi imekuja baada ya tanuri.

Wapo wafinyanzi wanaotia sahihi baada ya kuchoma, kwa kalamu ya wino usiofutika au kwa mashine ndogo ya kuchongea. Si kosa. Ila sahihi ya namna hiyo mtu yeyote anaweza kuiweka wakati wowote, basi usiilipie hata shilingi ya ziada.

Halafu kuna jambo ambalo wateja hawataki kulisikia: kalibu, yaani umbo tupu la kutolea nakala, inanakili sahihi pia. Mtu ananunua sanamu halisi moja, anaitengenezea kalibu ya jasi, anamimina uji wa udongo. Jasi inanyonya maji, na baada ya dakika 10 hadi 20 ganda la unene wa milimita 4 hadi 6 limeshika ukutani; uji uliobaki anaumwaga. Kila sanamu itakayotoka humo itakuwa na sahihi, na sahihi hiyo itakuwa ya "kweli" kwa mwandiko.

Nakala inamsaliti vipi mwigaji? Kwanza kwa kimo. Udongo husinyaa ukikauka na ukichomwa, kwa kawaida asilimia 8 hadi 12 kwa jumla. Sanamu halisi ya sentimita 24 itatoa nakala ya kama sentimita 21.5, na sahihi nayo itakuwa imepungua kwa kiasi hichohicho. Pili kwa ulaini: manyoya, kope na herufi zimefifia. Tatu kwa mshono, ule mstari mwembamba unaopita ubavuni. Usiutafute mgongoni, huko umeshasuguliwa. Utafute kwapani, katikati ya miguu na nyuma ya masikio. Nne, sanamu mbili zenye sahihi mahali palepale, kwa mwinamo uleule na herufi zenye kasoro ileile zimetoka kwenye kalibu moja. Hakuna mkono wa binadamu unaoandika hivyo.

Muhuri uliogongwa nao una mipaka yake. Mara nyingi ni wa karakana. Mahali kama Kazuri, Karen, Nairobi, panapofanya kazi tangu 1975, kazi imegawanywa: anayefinyanga si lazima awe ndiye anayepaka rangi. Ukisema "hii aliifanya fulani" kwa sababu ya muhuri wa karakana, umebuni.

Kuhusu zisizo na sahihi: wafinyanzi wengi wa vijijini hawaweki alama yoyote, na hawajawahi kuona haja. Wa mjini anayetia sahihi naye huiruka kwenye vipande vya majaribio na vidogo sana, au glezi nene inaifunika, au inaondoka kitako kinaposuguliwa kisiyumbe.

Badala ya sahihi, soma mazoea ya mkono. Jicho limetobolewa kwa bua, au ni kidonge cha udongo kilichobandikwa na kubonyezwa? Sikio limeungwa kwa kukwaruza na uji wa udongo, au limevutwa kutoka kichwani? Kitako kimekatwa kwa waya, ambao huacha mistari iliyopinda, au kimepanguswa kwa sponji hadi chenga zikajitokeza? Mwigaji hufuata picha ya mbele. Tumbo la chini na ndani ya sanamu hubaki na mazoea yake mwenyewe.

Nitasema tena ninachowaambia wote: nunua kipande kimoja, hata kidogo, mkononi mwa mfinyanzi mwenyewe, na umwombe risiti yenye tarehe. Piga picha ya kitako, ya ndani na ya macho. Pima kimo kwa milimita na uzito kwa gramu. Hicho ndicho kipimo chako. Asiye nacho anakisia, hata awe na rafu tatu za sanamu.

Dhana: Tundu chini ni alama ya kiwanda

Hapana. Sanamu yenye uwazi ndani iliyofungwa pande zote inahitaji njia ya hewa na mvuke, hata ikifinyangwa kwa kucha. Na wale wanaosema "hewa ndiyo inayopasua sanamu tanurini" nao wakome: ni maji. Udongo mnene usiokauka vizuri ukipita nyuzi 100 kwa haraka, maji yake yanageuka mvuke na kurusha vipande.

Dhana: Alama za vidole ndani zinathibitisha haikutoka kwenye kalibu

Zinathibitisha tu kwamba haikumiminwa. Udongo unaweza kubonyezwa kwa vidole ndani ya kalibu. Ndani utaona vidole, nje utaona mshono. Angalia vyote viwili.

Dhana: Nyufa za utando kwenye glezi ni dalili ya umri

Nyufa hizo hutokea glezi inaposinyaa kuliko udongo ulio chini yake. Zinaweza kuanza siku ileile tanuri inapofunguliwa, na unazisikia zikilia. Kuzitia chai ya rangi ili zionekane kuukuu ni kazi ya usiku mmoja.

Dhana: Nyeusi ya moshi maana yake ni ya kale

Moshi wa majani makavu, samadi au maranda ya mbao unafanya sanamu kuwa nyeusi kwa mchana mmoja. Weusi ulioingia wakati wa kuchoma haufutiki. Pitisha pamba yenye tone la tapentaini mahali pasipoonekana. Ikitoka na rangi, umeuziwa dawa ya viatu.

Anayedai umri mkubwa kweli amejitafutia jambo jingine. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 kinaweza kuhesabiwa kuwa cha kale. Tanzania, sheria ya 1964 inataja kabla ya 1863, na inagusa pia vifaa vya kimila. Hivyo havisafirishwi nje bila kibali. Ajabu ni kwamba muuzaji anayeapa sanamu ni ya miaka 200 hataji kibali hata siku moja.

Dhana: Udongo ni udongo, unaoshwa kwa maji na sabuni

Sanamu ambayo haikuchomwa inarudi kuwa tope. Zile za jando na unyago wa zamani wa Tanganyika nyingi zilikaushwa tu na kupakwa rangi. Zilizochomwa kwa moto wa kuni uwanjani, nyuzi 600 hadi 900, hunywa maji na chumvi yake. Chumvi ikikauka inasukuma uso na kuubandua maganda. Jiki na limau visikaribie. Brashi laini kavu inatosha, na mahali pagumu tumia pamba iliyolowa kidogo, baada ya kujaribu kitakoni.

Dhana: Ikivunjika, supagluu

Supagluu inashika kabla hujapanga kipande, na kukibandua baadaye ni mateso. Tumia gundi ya Paraloid B-72, inayoyeyuka tena kwa asetoni. Kabla ya kununua, pita na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia: gundi na rangi nyingi za kurekebishia hung'aa tofauti na udongo. Anza na shingo, pembe na mikia, maana ndiko kunakovunjika.