Ukili Ulioanzwa: Zawadi za Sikukuu kwa Wazee Wanaoishi Makaoni

Kazi yangu hapa Malindi ni kuwasaidia wazee kurudisha nguvu na wepesi wa mikono, hasa baada ya kiharusi au pale vidole vinapokakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Kwa sababu hiyo, kila inapokaribia Idi au Krismasi huulizwa na jamaa na vikundi vya kina mama ni zawadi gani ya kutengeneza kwa mkono itakayowafaa wazee wanaoishi katika makao ya kuwatunza. Jibu langu ni moja: mpelekeeni mzee kazi aliyoizoea, ikiwa imeanzwa lakini haijamalizwa.

Mchukueni bibi aliyesuka mikeka tangu utotoni. Akiletewa mkeka uliokamilika atashukuru, kisha utakunjwa na kuwekwa chini ya kitanda; lakini akiletewa ukili, ule ukanda wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka, uliosukwa kiasi cha dhiraa moja, pamoja na fungu la miyaa (majani ya kusukia) iliyokwisha kupasuliwa na kutiwa rangi, vidole vitaushika kabla hamjamaliza kumwamkia. Nimeyaona haya hata kwa wazee wenye maradhi ya kusahau, ambao hawalikumbuki jina la mtoto wao wenyewe, kwa kuwa ubongo hauhifadhi mazoea ya mikono mahali pale pale unapohifadhi majina na matukio, na mara nyingi mazoea hayo ndiyo yanayochelewa kupotea. Wako wanaodhani kwamba kumpa mzee kazi siku ya sikukuu ni kumkosea adabu. Siafikiani nao hata kidogo. Mtu aliyeulisha mji kwa mikono yake huumizwa zaidi na kukalishwa bure.

Matayarisho yanahitaji uangalifu. Ukili uwe wa miyaa mipana na michache, na rangi zitofautiane waziwazi, kama nyeusi na ile nyeupe ya miyaa yenyewe, kwa sababu jicho lenye mtoto wa jicho haliwezi kufuata rangi zinazokaribiana. Miyaa mikavu hukatika, tena hukata, na ngozi ya uzeeni ni nyembamba na huchanika upesi. Kwa hivyo iviringisheni katika kitambaa chenye unyevu usiku wa kuamkia siku ya kuipeleka, na ncha zote kali ziondolewe. Shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mkeka, ibaki kwenu. Kwa mvuvi mstaafu kanuni ni hiyo hiyo: kipande cha wavu kilichoanzwa, chenye uzi mnene na matundu makubwa, kikifungwa imara kwenye ubao ili mkono mmoja uliosalia na nguvu uweze kufanya kazi bila msaada wa ule uliopooza.

Kwa wasioweza tena kusuka, leso, yaani kanga, ndiyo chaguo langu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, hivyo Idi huweza kuangukia kusi, wakati wa upepo na ubaridi, au kaskazi lenye joto kama Krismasi; pamba nyepesi hufaa nyakati zote mbili. Shoneni leso mbili pamoja ziwe nguo ya kujifunika miguu akiwa ameketi, upande mmoja muweke mfuko wa kutilia tasbihi au miwani. Ya kwanza niliyoishona niliiacha ndefu, ikanaswa na gurudumu la kiti cha mzee, naye akavutwa mbele kwa ghafla. Tangu siku hiyo hupima mwenyewe, kutoka kiunoni hadi katikati ya muundi, wala si zaidi. Someni pia jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kuinunua, kwani majina mengi ni vijembe, na mzee aliyetengana na jamaa zake ataichukulia kila herufi kuwa imeandikwa kwa ajili yake.

Halwa na kashata msizipeleke bila kuwauliza walezi, kwa sababu ya sukari na kwa sababu wengi humeza kwa shida. Kikuba cha asumini, kile kishada cha maua ya kunukia, kifungwe kwa uzi badala ya pini.

Kila zawadi ishoneeni jina la mwenyewe kwa uzi, maana nguo za makaoni hufuliwa pamoja na wino hufifia. Kwa aliyepewa ukili, rudini baada ya wiki mbili na fungu jingine la miyaa, kwa kuwa la kwanza litakuwa limekwisha.