Bwawa la Plastiki Uani Nalo Linataka Kibali

Kila joto linapoanza, ofisi za majengo katika miji ya jimbo la New York hupokea malalamiko ya aina moja: jirani kaweka bwawa la kuogelea uani, halina uzio. Sisi wakaguzi tukifika tunaambiwa, "Hili ni la kujaza upepo tu, nimelinunua dukani, mbona hawakuniuliza kibali?" Duka halitoi kibali. Tunachoangalia sisi ni kina. Bwawa lililotengenezwa kubeba maji ya inchi 24 (sentimita 61) na zaidi linahitaji kibali cha ujenzi, liwe la chuma, la plastiki au la upepo. Kulijaza nusu hakubadilishi kitu.

Uzio uwe na kimo cha inchi 48 au zaidi. Ukuta wa bwawa lenyewe ukifikia kimo hicho, unakubalika kuwa uzio, ila ngazi iondolewe au ifungwe kwa kufuli kila watu wazima wanapoondoka. Geti lijifunge na kujikomea lenyewe. Nimewahi kukuta geti zuri kabisa limezuiwa na kamba ya kiatu lisijifunge, ili watoto wasihangaike kuingia na kutoka. Iliniuma sana. Nchini Marekani, hakuna kinachoua watoto wa mwaka 1 hadi 4 kuliko kuzama majini.

Bwawa lililowekwa baada ya tarehe 14 Desemba 2006 sharti liwe na king'ora kinacholia mtoto anapotumbukia, kisikike bwawani na mahali pengine hapo nyumbani. Kile cha kumvisha mtoto mkononi hakihesabiki. Tafadhali, msituonyeshe hicho.

Maombi yaje na mchoro wa kiwanja unaoonyesha mipaka na nyaya za umeme, pamoja na karatasi za mtengenezaji. Mpangaji aongeze idhini ya mwenye nyumba. Uzio wa muda unaruhusiwa, lakini ndani ya siku 90 uwekwe wa kudumu. Anayekaidi hupewa kwanza amri ya maandishi ya kurekebisha kasoro, kwa kawaida ndani ya siku 30. Zikipita, mahakama inaweza kumtoza faini isiyozidi dola 1,000 kwa kila siku ya kosa, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kuuliza hakuna faini. Pima ua wako, uje na vipimo kabla hujanunua.