Charlie Rivel: mwili kwanza, pua nyekundu baadaye

Wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza kazi ya mchekeshaji wa sarakasi huulizia pua nyekundu kabla ya kuuliza lolote kuhusu mwili. Nawaelewa, maana pua ndiyo inayoonekana kwanza. Lakini mchunguze Charlie Rivel, Mkatalani (mtu wa Katalonia, huko Uhispania) ambaye mimi simwoni wa kumfikia katika fani hii, utagundua kwamba vichekesho vyake vyote vilisimama juu ya misuli.

Jina lake la kuzaliwa ni Josep Andreu i Lasserre. Alizaliwa tarehe 23 Aprili 1896 huko Cubelles, mji mdogo wa pwani kusini-magharibi mwa Barcelona, kwa kuwa tu wazazi wake walikuwa wakipita hapo na sarakasi. Baba alikuwa Mkatalani, mama Mfaransa, na wote wawili ni watu wa sarakasi. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wake: kuruka, kupinduka, kusimama juu ya mabega ya mtu, kujua uzito wa mwenzako uko wapi kabla hajaulaza kwako. Haya aliyaanza akiwa mtoto mdogo sana. Baadaye yeye na ndugu zake Polo na René wakawa kikundi kilichojulikana kote Ulaya, Andreu-Rivels.

Kilichomtoa ni bembea ya trapezi. Alipanda juu akiwa amevaa kama Charlie Chaplin, na kofia na masharubu, akamwigiza yule bwana mdogo mwenye mwendo wa bata akihangaika hewani. Jina Charlie lilimganda kutoka hapo. Sasa tazama ugumu wa kazi yenyewe. Mwanasarakasi wa kawaida anafanya mruko mmoja, basi. Rivel alifanya miwili kwa wakati mmoja: ule wa kweli unaomweka hai, na ule wa uongo unaomfanya mtazamaji aamini kwamba huyu hajui alifikaje huko juu. Kila kuteleza kulipimwa. Ndiyo maana nasema anayetaka kuanguka vizuri ajifunze kwanza kutoanguka.

Katika onyesho lao la daraja, ndugu walijenga daraja kwa miili yao, naye Charlie akatamka "Acrobat, oh!" kwa majivuno ya mtoto aliyefanikiwa kupanda kiti. Kumbe mzigo wa onyesho lile ulihitaji wanasarakasi waliokomaa kabisa.

Alipobaki peke yake jukwaani alipunguza kila kitu. Joho refu jekundu lililofika miguuni, pua nyekundu ya pembe nne, upara wenye vishungi vya nywele kando, kiti kimoja, gitaa moja. Maneno karibu hakuna. Angalia filamu zake za zamani uone anavyokiendea kile kiti: anakitazama, anawatazama watu, anasubiri. Kusubiri huko ndiko ninakokufundisha kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mwanafunzi mwoga hukimbilia kichekesho kinachofuata kabla watu hawajamaliza kukielewa cha kwanza. Jambo likimshinda, Rivel aliinua uso juu akalia "Uuuuu!" kama mbwa mwitu. Watoto walicheka. Watu wazima pia walicheka, ingawa kilio kilikuwa kilio kweli.

Siwezi kuandika maisha yake nikaruka Ujerumani. Alifanya kazi huko chini ya utawala wa Hitler, na mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, alikuwa mhusika mkuu wa filamu ya Kijerumani *Akrobat schö-ö-ö-n*. Ufundi wake haufuti jambo hilo, na mwalimu anayemtukuza bila kulitaja anawanyima wanafunzi wake nusu ya habari. Baada ya vita jina lake liliinuka upya Copenhagen, kwenye sarakasi ya ukoo wa Schumann, ambako binti yake Paulina aliolewa.

Heshima zilikuja uzeeni. Mwongozaji filamu wa Kiitaliano Federico Fellini alimweka katika filamu yake ya 1970 kuhusu wachekeshaji wa sarakasi, na mwaka 1974, tamasha la sarakasi la Monte Carlo lilipofanyika kwa mara ya kwanza, alikuwa miongoni mwa waliopewa Klauni wa Dhahabu, tuzo ya juu kabisa ya tamasha hilo. Alifariki tarehe 26 Julai 1983. Cubelles, alikozaliwa kwa kupita tu, wanahifadhi vitu vyake katika maonyesho ya kudumu.

Wanawe wa kiume, Juanito, Charlie na Valentino, walizunguka dunia kama Charlivels. Lakini urithi unaonigusa zaidi uko Nou Barris, mtaa wa wafanyakazi huko Barcelona. Mwaka 1977 wakazi walivamia kiwanda cha lami kilichowajazia moshi, wakakizima, na mahali pale pakawa Ateneu Popular, nyumba ya utamaduni ambamo sarakasi ilishika mizizi. Shule ya sarakasi iliyokua hapo inaitwa Rogelio Rivel, jina la mtu wa ukoo huohuo. Elimu ambayo Josep mdogo aliipata kwa kuzaliwa ndani ya familia, sasa kijana yeyote wa mtaani anaweza kuiomba mlangoni.